Kassimu, nataka treni mbili kwenye picha moja

Kassimu ndugu yangu,

Salaam nyingi sana. Huku kwetu wazima, mama mguu umepona na ameshaanza tena kugombana na wapangaji kwa hiyo jua yuko fiti, Sele kapata kazi kule kwa yule mzee wa mabomba, na Bonge, aisee, Bonge kachumbia kweli, hilo nitakupigia maana haliandikiki. Shangazi wa Kihonda msalimie, mwambie ule mchele ulifika.

Sasa nisikilize. Ningeweza kukutumia voisi lakini hii ni ndefu na kuna jambo ndani yake nakuomba, nataka uisome ukiwa umetulia. Kamera imefika! Ile niliyokwambia, Canon R50, mtumba lakini safi, na lenzi zake mbili, ya milimita 18-45 na ile ndefu ya 55-210. Nyepesi ajabu, na betri na kadi ndani haifiki hata nusu kilo. Basi Jumamosi mimi na Sele tukaamka usiku usiku, tukadandia daladala la Gongo la Mboto halafu bodaboda mpaka upande wa Pugu, siku nzima ikawa ya treni tu, hakuna kingine.

Kwa nini alfajiri: reli inatoka Morogoro inakuja huku mashariki, kwa hiyo asubuhi treni inayoingia Dar jua linaipiga usoni kabisa, rangi inatoka, kioo cha dereva kinang'aa, unaona mpaka mikono yake. Mchana kuanzia saa tano usijisumbue. Lile joto linalopanda kwenye kokoto linafanya picha ya mbali itetemeke yote, hata uwe na lenzi ya mamilioni. Jioni ndio unageuka, unapiga zile zinazotoka mjini kwenda bara. Tulipata sehemu nzuri nje ya uzio, karibu na mama mmoja anauza chai na vitumbua, na yeye ratiba anaijua kuliko sisi, anasikiliza tu anakwambia "hiyo inakuja, ya mizigo hiyo". Nilitaka kumpiga picha akakataa, kasema piga treni mwanangu, mimi sijajipamba.

Mchongoko Kassimu, hii treni mpya ya umeme yenye mdomo mrefu. Najua unaziona kila siku huko na pengine umeshazoea, lakini simama siku moja chini karibu na njia uisubiri ikiwa inapita bila kusimama. Haina mlio wa injini! Unaanza kusikia waya juu unalia, kama mtu anavuta uzi mrefu, halafu reli, halafu uso huo umeshafika, umeshapita, upepo unakusukuma nyuma. Mabehewa manane, na ule mkono wa juu ya paa unaogusa waya, volti elfu 25, yaani nimeukodolea macho kwenye picha nimeukuza mpaka mwisho unaona pale unapogusana na waya. Kwangu mimi kile ni kitu kizuri mno, na kipo kwetu, sikupanda ndege kukifuata.

Nikakaa nayo sasa kuijaribu kamera. Ile treni ikiwa kwenye kasi yake yote ya kilomita 160 kwa saa inakata mita 44 kwa sekunde moja. Piga hesabu: ukiweka shata, ule muda kamera inaoruhusu mwanga uingie, moja kwa elfu ya sekunde, treni inakuwa imesogea sentimita nne na kitu wakati unapiga, kwa mbali haionekani. Ukiweka moja kwa sitini imesogea zaidi ya sentimita sabini, hapo ukisimama tuli unapata ukungu, lakini ukiifuata na kamera, unageuka na kiuno pamoja nayo, treni inatoka kali na miti yote nyuma inakuwa mistari. Hizo ndizo nilizozipenda kuliko zote, nitakutumia. Pale Pugu haikimbii hivyo kila mara lakini mazoezi ni yale yale.

Halafu kuna kitu kimoja nilikipima makusudi maana nilikisikia kwa mafundi wa kamera. Hii ina shata ya kimya, ya umeme tupu, haitoi hata tik. Sensa, kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga, inaisoma picha mstari kwa mstari, ikianzia juu inashuka. Sasa treni haingoji, mistari ya chini ikisomwa yenyewe imeshasonga mbele. Nikapiga mchongoko kwa shata ya kimya nimesimama tuli, ikatoka imelala mshazari, madirisha yote yamepinda kama italiki! Nikapiga nyingine naifuata, treni ikanyooka, nguzo za umeme ndio zikainama. Nikarudisha shata ya kawaida, kila kitu kikakaa wima. Sele akasema hiyo ya mshazari ndio nzuri inaonekana inakimbia, tumebishana mpaka chai ikapoa. Mimi nasema hapana, treni watu wameichora wakaitengeneza inyooke, uipige imenyooka. Wewe unaonaje? Usimpendelee Sele kwa sababu ya lile deni.

Sasa lile jambo lenyewe.

Unajua reli ya zamani inakwenda ubavuni kwa hii mpya sehemu kubwa ya njia ile. Hii ya zamani ndiyo reli ya kati, ya Mjerumani, alianza kuijenga hapa Dar 1905, Moro akafika 1907, Kigoma 1914. Bado inafanya kazi, mizigo inapita, abiria wa bara wanapita. Kama saa mbili na nusu asubuhi yule mama akasema "ya mizigo hiyo", na kweli, ukaanza kusikia kwa miguu kabla ya masikio, ardhi inanguruma, moshi unaonekana juu ya miembe, halafu kikatokea kichwa cha dizeli cha aina ya 88, kikuukuu, rangi imebabuka ubavuni, kinavuta mabehewa ya kontena taratibu kabisa kinapandisha. Dereva akatoa mkono nje, akapiga honi ndefu kwa ajili yetu. Kassimu nilisisimka. Vichwa vile ni vya Kanada, vilianza kuletwa miaka ya sabini mwanzoni, enzi ile ya reli moja ya Kenya, Uganda na sisi, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika 1977. Vina umri wa mzee wangu karibu na bado vinavuta!

Mabehewa yakapita, moja, jingine, jingine, la mwisho likapinda kona likapotea, na moshi bado umening'inia pale. Ndio waya ukaanza kulia. Mchongoko huo. Ukapita kwenye moshi wa 88. Yaani wangekutana dakika chache tu mapema ningekuwa nao wote wawili ndani ya fremu moja, kichwa cha dizeli mbele na ule mdomo mrefu ukikipita ubavuni. Nimelala nayo hiyo picha ambayo sina. Nimekaa na Sele tukangoja mpaka adhuhuri, zikaja za umeme, ile ya zamani haikuja tena.

Ndio maana naandika. Mimi hii picha naitaka, na naitaka sasa. Watu wote naowajua wanapiga mchongoko, simu zimejaa mchongoko, harusi zinapigwa picha stesheni mpya, sawa na mimi nafurahi. Lakini tafuta picha nzuri ya treni ya mizigo ya reli ya zamani iliyopigwa mwaka huu, yenye jina la aliyepiga na mahali, utatafuta sana. Vichwa vile havitabaki milele, kimoja kikifa kinang'olewa vipuri kimpe mwenzie, na siku vyote vikisimama watoto wetu wataona picha za Mjerumani na picha za mchongoko, katikati hapo hakuna kitu. Katikati hapo ndipo alipofanya kazi mzee wako Kassimu. Miaka yake yote ya karakana ya Moro. Mimi sikubali katikati pawe patupu.

Ngoja nimalizie siku. Mchana tukaenda TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia, kwa sababu Sele alitaka na kwa sababu nilitaka niseme nimeona reli zote tatu ndani ya siku moja. Kumbuka uliniuliza siku ile kwa mama Zuhura, kwa nini behewa la TAZARA lisiingie reli ya kati likaenda Mwanza. Jibu ni upana. Ya Mjerumani ni milimita 1000 kati ya chuma na chuma. TAZARA ni 1067, Wachina waliijenga hivyo kuanzia 1970 mpaka 1975 ili iungane na reli za Zambia na kusini, maana lengo lilikuwa shaba ya Zambia ifike bandari yetu bila kupita kwa Smith wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wala kwa Makaburu wa Afrika Kusini. Kilomita 1860 mpaka Kapiri Mposhi. Na hii ya umeme ni 1435. Kwa hiyo tuna mji mmoja, reli tatu, na hakuna gurudumu la moja linalokaa kwenye nyingine. Kule Kidatu ndio reli ya kati na TAZARA zinakaribiana, lakini mzigo lazima uhamishwe toka behewa hili kwenda lile. Milimita 67 tu, kidole! Na zinatosha kumfanya mtu abebe mzigo mara mbili.

Lile jengo la stesheni ya TAZARA bado linanipa kitu moyoni, kubwa, limenyooka, zege tupu, walijenga watu waliokuwa na uhakika. Mlinzi tulimsalimia, tukamweleza, akasema nje pigeni, ndani ya uzio hapana, tukashukuru. Tukapanda upande wa daraja la Mfugale, tukalipata jengo lote na magari yakipita chini. Treni hatukuiona siku hiyo, ila tulipata mataruma ya zege na nyasi na mwanga wa saa kumi, na hiyo nayo ni picha. Nataka siku moja nipate zile U30C zao, vichwa vya dizeli, kama bado kuna inayotembea, zilitengenezwa Ujerumani miaka ya themanini kwa ramani ya Wamarekani kwa ajili ya reli ya Wachina Afrika. Nani mwingine ana kitu kama hicho.

Basi narudi kwenye ombi langu. Wewe uko Moro. Mchongoko ukitoka Moro mpaka kufika Pugu ratiba ipo, hiyo naijua, haina shida. Shida ni ile ya zamani, ya mizigo haina ratiba ya kubandika ukutani, inatoka inapotoka. Wewe kutoka pale dukani kwako unaisikia, ulishaniambia unaisikia hata ukiwa nyuma kwenye stoo. Nakuomba, kwa wiki kadhaa tu, kila ikipita kuja huku niandikie saa. Hivyo tu, "imepita saa fulani". Na kama unaweza, namba ya kichwa. Mimi nitazipanga kwenye daftari, nitajua inachukua muda gani mpaka hapa, ikisimama wapi kupishana, nikishaujua mwendo wake nitakaa pale kwa mama wa vitumbua na safari hii nitawapata wote wawili. Sio lazima iwe kila siku. Siku ukiwa msibani au sokoni acha.

Na lingine. Nataka mzee aione hiyo ya 88 niliyoipiga. Nimeipeleka kuisafisha pale kwa Hassani, kubwa, ya ukutani, nitaituma na basi. Usimwambie kitu, mpe tu umwangalie. Nina hakika atajua namba yake kabla hajavaa miwani. Muulize alifungua injini ya zile lini mara ya mwisho, na yule Mkanada aliyekuwa anawafundisha aliitwa nani, na kama ana picha yoyote ya karakana, hata iliyochanika, niipige upya kwa hii kamera isipotee.

Nijibu basi. Stoo bado unaisikia au wamejenga ukuta? Unaweza kuja Dar kabla ya mvua, tulale kwetu, asubuhi twende Pugu watatu? Mzee anaweza kusafiri sasa hivi au kifua bado? Kama anaweza mlete, apande mchongoko huo huo aje, ameshaupanda lakini? Au amegoma kama alivyogoma simu? Na vile viatu vya Sele vipo kwako au kwa Bonge? Anauliza kila siku.

Mimi ndugu yako,
Hamisi