Mwanangu, mti ule usiguswe

Mwanangu mpenzi,

Hapa Tanga hatujambo, ni goti tu linalonisumbua. Picha ya kiwanja chako cha Feakle nimewaonyesha majirani wote. Kijana wangu kununua ardhi Clare, Ayalandi! Lakini naona mti wa miiba umesimama peke yake kwenye tuta la mviringo, nawe unasema katapila linakuja Jumatatu. Usiuguse, huko husema mti kama huo ni wa majini.

Najua utasema mama kaanza. Wazee niliowauguza Ennis, mji wa huko huko Clare, hawakuwa wajinga. Walisali rozari kila jioni, lakini ukiutaja mti wa namna hiyo walishusha sauti. Mwezi wa Mei muuguzi mmoja mgeni aliweka maua meupe ya mti huo dirishani; bibi mmoja akakataa kulala mpaka yalipotolewa nje.

Nenda Latoon, huko huko Clare, ukajionee. Mwaka 1999 barabara kuu ilikuwa ipite pale pale penye mti. Msimulizi wa hadithi Eddie Lenihan akasimama kuutetea, akasema hapo ndipo Watu Wema, yaani majini, wa jimbo la Munster hukutana wakienda kupigana na wenzao wa jimbo la Connacht. Mpango wa barabara ukarekebishwa, mti ukabaki. Mwaka 2002 mtu akaufyeka matawi, nao ukachipua tena. Wahandisi wa barabara wameupisha mti, sembuse wewe na katapila la kukodi?

Na tuta lenyewe ni boma la wakulima wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ayalandi nzima yako zaidi ya 40,000. Sheria inayalinda, ila kabla ya sheria yalilindwa na woga: mkulima alizungusha plau pembeni, na mwanawe akafanya vivyo hivyo. Wewe usiwe wa kwanza kuvunja.

Haraka hiyo umezaliwa nayo. Bisha hodi kwa jirani mzee, mpelekee keki, ongeeni habari za ng'ombe na mvua kwanza. Ukianza na majini atakwambia hajui lolote. Baadaye muulize kwa nini pale hapakujengwa. Feakle ndiko kwa Biddy Early, mganga aliyefariki 1874. Watu walimwendea na wagonjwa wao ingawa mapadri walikataza. Watu wa huko wana kumbukumbu ndefu. Tena mwaka 1937 watoto wa shule za Ayalandi walianza kuandika masimulizi ya wazee wao, na yamo mtandaoni. Tafuta ya hapo kwenu usome, maana kusoma unajua, nilikulipia.

Nyumba isogeze upande wa barabara. Na maua ya mti huo usimruhusu mkeo kuyaingiza ndani.

Huku mabati ya jikoni yamefika, fundi anadai nusu ya hela kabla hajapanda juu. Dada yako anaanza mtihani wiki ijayo, mpigie umtie moyo. Hela ya fundi inaweza kungoja. Wewe niambie kwanza: mwenye katapila umeshamwambia?

Mama yako