Wanyama wadogo wa Kilimanjaro nao watajwe

Mhariri,

Kila tabianchi inapojadiliwa, Kilimanjaro huonekana kwa picha za barafu inayoyeyuka. Naomba nafasi niwasemee wakazi wa mlima huo wasiopigwa picha.

Yupo kirukanjia mmoja, mnyama mdogo afananaye na panya, manyoya yake ya kahawia iliyokoza, ambaye hapatikani popote duniani ila Kilimanjaro. Anaishi msitu wa juu na vichaka vya baridi, hadi karibu mita 4,000. Kama virukanjia wenzake, mwili wake mdogo hupoteza joto upesi, kwa hiyo hana budi kusaka wadudu na minyoo mara kwa mara, ama sivyo anakufa njaa. Joto likimsukuma apande, atakuta mawe na vumbi tupu. Kuvuka tambarare hadi mlima mwingine hawezi.

Lakini mimi naogopa moto zaidi. Mlima ukikauka, vichaka vile huwaka kama petroli. Oktoba 2020 ziliungua takriban kilomita za mraba 95, na tangu miaka ya 1970 mioto imekuwa ikiushusha mpaka wa juu wa msitu. Perere naye, yule pimbi wa mitini anayelia usiku na kulala kwenye mapango ya miti mikubwa, atahamia wapi?

Naiomba serikali iweke vikosi na vifaa vya zimamoto mlimani kabla ya kila kiangazi, na warina asali wapewe mizinga ya kisasa ili waache kupanda msituni na mienge.

Msomaji wako,
Moshi