Tuchague majike ya sungura kwa maziwa yao

Mhariri,

Wafugaji wengi wa sungura hapa pwani hujivunia idadi ya vitoto vilivyozaliwa na kusahau maziwa ya kuvilea, ilhali kwa takriban majuma mawili na nusu ya mwanzo kitoto hakina chakula kingine, na mama yake humnyonyesha kwa kawaida mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache. Joto likipita nyuzi 30, jike hupunguza kula, na maziwa hupungua pia.

Saudi Arabia na Misri zimelishughulikia jambo hili kwa kuchanganya koo. Sungura wao wa asili, Gabali kwa Wasaudi na Baladi Mwekundu kwa Wamisri, wamezoea jua kali. Walipandishwa na ukoo wa V, uliochaguliwa mjini Valencia, Hispania, kwa idadi ya vitoto katika uzao mmoja wakati wa kuachisha kunyonya. Nia ilikuwa kupata chotara anayestahimili joto na kulea vizuri.

Kwetu hununuliwa dume jeupe kubwa la nyanda za baridi (nami niliwahi kulinunua, likashinda likihema) bila kuuliza mama yake alinyonyesha vipi. Mizani ndogo ya jikoni inatosha: pima vitoto vyote kabla na baada ya kunyonya, tofauti ndiyo maziwa. Majike yanayoongoza katika juma la tatu, maziwa yanapokaribia kilele, ndiyo ya kubakishwa kwa mbegu, hata yakiwa na umbo dogo.

Mfugaji wa sungura,
Tanga