Omera, wacha kununua koili

Omera,

Za huko Molo na hiyo baridi yenu. Huku Kisumu joto ni ile ile, mama watoto anakusalimu na anauliza viazi vile uliahidi viliishia wapi. Meseji yako niliisoma usiku na badala ya kulala nikaanza kufikiria hiyo pikipiki ya Yamaha AG100 ya marehemu anko wako inayokataa kuwaka, sasa wacha nikuandikie vizuri, maana kwa simu hatuskizani, fundi wako anaingilia tu hapo katikati akisema ni koili, ni koili, ile ya kutuma stima ya spaki kwa plagi.

Si koili bana. Wewe mwenyewe umeshanipa ushahidi bila kujua. Ulisema mkipiga kiki mpaka mguu unakataa, mkifungua plagi mnaipata kavu. Alafu ukasema yule kijana alimwaga petroli kidogo kwa shimo la plagi, akarudisha plagi, pikipiki ikanguruma kidogo tu ikazima. Hapo nusu ya kesi imeisha. Kama ilinguruma basi spaki iko na inakuja kwa wakati wake, kompresheni iko hata kama si ya upya, na ekzosi haijaziba kabisa. Kile kinakosekana ni mafuta kufika kwa silinda bila kubebwa na mtu. Sasa hiyo koili mpya itabeba petroli na nini?

Na simlaumu sana huyo fundi. Hawa wa sai wamekulia kwa pikipiki za Boxer na TVS, na hizo ni fostroki, ziko na valvu pale juu, pistoni ikishuka inavuta hewa na mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Yako ni tustroki, haina hizo valvu. Pistoni ikipanda inavuta mchanganyiko kutoka kwa kabureta, unapita kwa ridi, vile vibati vinavyofunguka upande mmoja tu, unaingia chini kwa krankesi, ile nyumba ya kranki chini ya silinda, alafu pistoni ikishuka inaubana na kuusukuma juu kwa silinda kupitia zile njia za pembeni. Yaani krankesi yenyewe ndiyo pampu. Kwa fostroki krankesi ni nyumba ya oili tu, ikivuja kidogo utaona doa chini na maisha yanaendelea, lakini kwa hii yako hata ikivuta hewa mahali padogo tu inasumbua kuwaka, na mtu anaweza badilisha kila kitu huku juu mpaka akose nauli.

Lakini usirukie krankesi bado. Anza na tenki, ni bure. Toa paipu kwa kabureta, fungua tepu, uone petroli inatiririka ama inadondoka. Ikianza vizuri alafu ipunguze, fungua kifuniko cha tenki, ikirudi kutiririka basi katundu ka kifuniko kameziba. Na hiyo petroli iliyokaa kwa stoo kule Ahero tangu anko augue, mwaga yote, usiichanganye na mpya ati unaokoa pesa. Ikizeeka inaacha kitu kama gundi ya njano, na kama ni ya kabla ya 2018, mwaka ule serikali iliweka kodi ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ndio watu wawache kuyachanganya na dizeli na petroli, we hujui hata ni nini iko hapo ndani. Ukiwa hapo angalia pia filta ya hewa na mdomo wa ekzosi, kwa stoo kuna wale nyigu wa kujenga na udongo na hawajali hiyo ni Yamaha ama ni ukuta.

Sasa kabureta. Najua umesema imesafishwa, lakini kusafishwa na nani na vipi? Wengi wanafungua bakuli la chini, wanapangusa, wanapuliza na mdomo, basi. Kile kinafanya injini iwake ni katundu kadogo sana ka jeti ya saileni, yaani ya injini kunguruma polepole bila akseli, ile iko kando ya jeti kubwa, na njia ya choki. Toa jeti yenyewe, ishike kwa mwangaza, kama huoni duara safi basi imeziba. Loweka, alafu peleka yote kwa jamaa wa panchari akupigie na kompresa kila tundu, na la choki pia. Usiingize sindano ya kushona ama waya ya breki, utapanua tundu na hapo utanunua jeti. Ikibidi sana, uzi mmoja wa shaba kutoka kwa waya ya stima.

Na kuna hii kitu naona kila mtu akifanya na inanikera: anavuta choki, alafu anafungua akseli yote huku anapiga kiki. Hiyo choki iko na njia yake ya pembeni na inafanya kazi tu akseli ikiwa imefungwa, ukiifungua ile mvuto inapotea na choki hailete kitu. Kwa baridi ya Molo hapo ndio plagi inabaki kavu. Choki juu, mkono mbali na akseli, piga kiki ya nguvu mara kadhaa. Ikianza kulia ndio uguse polepole.

Ukifanya hayo yote na plagi bado ni kavu, sasa ndio nashuku sili za kranki, zile raba za kuzuia hewa na oili kupita kando ya shafti. Ziko mbili, moja nyuma ya magneto, ile inatengeneza stima, na ingine upande wa klachi. Pikipiki ikikaa miaka, raba inakauka inakuwa ngumu inawacha kushika shafti. Toa kifuniko cha magneto uangalie, kama nyuma ya gurudumu lake kumelowa oili, hiyo sili imeenda. Ya upande wa klachi huioni, ila ikiwa mbaya injini ikiwaka inavuta oili ya gia na kutoa moshi mweupe mwingi usioisha, na oili ya gia inapungua bila kuvuja nje.

Kuna njia ya kuhakikisha bila kufungua injini. Toa kabureta na ekzosi, ziba hayo mashimo mawili na raba ya tyubu na kibao kilichobanwa, shusha pistoni mpaka chini kabisa, alafu kwa shimo la plagi unganisha pampu ya baiskeli na kageji. Weka presha kidogo, psi 5 ama 6 inatosha, ukizidisha utazing'oa hizo sili mwenyewe. Paka povu la sabuni kwa gasketi na nyuma ya magneto. Povu likicheza umepata mwizi. Kama presha inashuka na nje hakuna povu, sikiliza kwa tundu la kujazia oili ya gia.

Sasa hii usiiruke: siku itawaka, usiamini ile pampu ya oili. AG100 iko na tenki yake ya oili na pampu inajipimia, lakini baada ya kukaa hivi paipu yake inaweza kuwa na hewa tupu na pistoni ikakwama kwa kukosa oili kabla umalize kusherehekea. Kwa tenki ya kwanza changanya mwenyewe, oili ya 2T (ya tustroki) mililita 200 kwa petroli lita 5. Hapo Molo uliza wale wanauza spea za pawa so, hawakosi. Itatoa moshi kama jikoni ya matanga, wacha itoe, mpaka uone kwa macho yako oili inatembea kwa paipu ya pampu bila mapovu. Na yule kijana akitaka kumwaga tena kwa shimo la plagi amwage huo mchanganyiko, si petroli tupu inayoosha oili yote kwa silinda.

Ikishika, huenda ikawa nzito na kuchafua plagi. Anko aliiendesha huku ziwani, mita 1,100 na kitu, na Molo mko kama mita 2,500, hewa yenu ni nyepesi kwa hivyo mafuta yanazidi. Ile skrubu ya hewa kando ya kabureta, ifunge taratibu mpaka mwisho kisha ifungue mzunguko moja na nusu, halafu endelea kidogo kidogo ikiwa imepata moto mpaka saileni itulie. Lakini hiyo ni ya baadaye.

Kama ni sili, kila moja iko na namba tatu zimeandikwa usoni, kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Zipige picha unitumie. Jumapili niko Kibuye hata hivyo, kuna mzee pale anauza sili za kila saizi kwa turubai, nikipata nazituma na matatu ya asubuhi uzichukue stage. Na hiyo pesa ya koili usimpe fundi kwanza.

Wako,
wa Kondele