Ufunguo wa seva uhakikiwe kabla ya kuaminiwa

Mhariri,

Mafundi wengi wanaotumia SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali) huendesha ssh-keyscan, programu inayoiomba seva ufunguo wa kuitambulisha, na kumwaga majibu moja kwa moja kwenye known_hosts, faili la funguo za seva ambazo kompyuta yako inaziamini. Ni hatari. Programu hiyo huandika tu inachojibiwa. Haithibitishi aliyejibu ni nani. Mdukuzi akiwa katikati ya njia, unahifadhi ufunguo wake, na kila ukiunganishwa naye hutaona onyo lolote.

Tunashauri majibu yaende kwanza kwenye faili la muda (ed25519 ni aina ya ufunguo):

ssh-keyscan -t ed25519 jina-la-seva > muda.txt

Kisha ssh-keygen -lf muda.txt itatoa alama, yaani muhtasari mfupi wa ufunguo, inayoanza na SHA256. Ingia kwenye seva kupitia konsoli (skrini ya seva yenyewe), si kwa SSH, upige ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub. Linganisha herufi zote, si nne za mwisho tu. Zikiwa sawa, ndipo uongeze kwenye known_hosts. Seva isiyotumia mlango 22, ule wa kawaida wa SSH, inahitaji -p na namba yake, la sivyo huenda faili likatoka tupu.

Funguo nazo hubadilika. Machi 2023 GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, walibadilisha ufunguo wao wa aina ya RSA baada ya ule wa siri kuonekana hadharani kwa muda mfupi. Ufunguo ukibadilika SSH hutoa onyo; likitokea, usilizime kwa mpangilio wa StrictHostKeyChecking no. Soma alama mpya kwenye tovuti ya mwenye seva, kisha ufute ya zamani kwa ssh-keygen -R.

Mafundi wa seva, Dar es Salaam