Uzi wa Mwezi wa Shravan: Barua kwa Somo Yangu

Vadodara, Gujarat
India
14 Agosti 2025

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Tanga, wewe pamoja na mama na watoto. Mimi ni mzima, masomo yanaendelea, na mvua imenyesha wiki nzima hata nguo hazikauki. Ujumbe wako mrefu niliupata usiku wa Jumapili, nikausoma mara mbili, nikaona haufai kujibiwa kwa maneno mawili matatu ya simu. Umeniuliza uzi mwekundu uliouona mkononi mwangu katika picha una maana gani. Kisha, chini kabisa, umenieleza kwamba wewe na kaka yako hamsemeshani tangu lilipoanza shauri la shamba la marehemu mzee. Hili la pili hukuliuliza, lakini mimi nimelisoma kama swali, na ukinivumilia mpaka mwisho utaona kwa nini sikuweza kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Uzi huo huitwa rakhi, na siku yake huitwa Raksha Bandhan. Raksha ni ulinzi, na bandhan ni kufunga au kifungo, kwa hiyo mimi ningeiita sikukuu ya fundo la ulinzi. Huadhimishwa katika mwezi wa Shravan wa kalenda ya Kihindu, siku ya mwezi mpevu, ambayo kwetu kwa kawaida huangukia Agosti. Mwaka huu ilikuwa Jumamosi ya tarehe 9. Zipo sikukuu za Wahindu zilizo kubwa na zenye kelele kuliko hii, lakini hii haihitaji hekalu wala umati. Hufanyika sebuleni, baina ya umbu na umbu. Sijui kama unalikumbuka neno hilo. Bibi zetu walilitumia kumtaja ndugu wa jinsia nyingine: dada kwa kaka yake ni umbu, na kaka kwa dada yake ni umbu vilevile. Sisi tumeliacha, nami sikupata kuuona uzito wake mpaka nilipofika mahali ambapo watu wametenga siku nzima kwa ajili ya maumbu. (Kaka na dada, kwa upande wao, yamenisumbua kweli, kwa kuwa katika Kigujarati dada ni babu mzaa baba, kaka ni baba mdogo, na mama ni mjomba. Ilinichukua miezi kuelewa nani anaitwa na nani katika nyumba hii.)

Majuma mawili kabla ya siku yenyewe, vibanda vya rakhi hujaa pande za Mandvi, katika mji wa zamani. Kuna nyuzi za pamba nyekundu na njano za rupia chache tu, kuna za hariri zilizotungwa shanga, kuna za fedha, na kuna za watoto zenye picha za katuni na vitaa vinavyowaka. Wanawake huzichagua kwa utulivu mkubwa, wakizigeuza na kuzipima mkononi, kama mama zetu wanavyochagua kanga kwa kuangalia jina kwanza.

Nyumba ninayopanga ina mwenye nyumba, mkewe, binti yao mmoja na mama mzee ambaye wote tunamwita Ba. Mwenye nyumba ana dada yake anayekaa Surat. Nilijua tangu mwezi wa Aprili kwamba ndugu hao wawili hawasemeshani kwa sababu ya nyumba aliyoiacha marehemu baba yao kule Nadiad. Sheria ya urithi ya Wahindu ya mwaka 1956 ilirekebishwa mwaka 2005, na tangu hapo binti ana haki katika mali ya ukoo sawa na mtoto wa kiume. Pamoja na hayo, mabinti wengi bado hushawishiwa watie saini ya kuacha fungu lao ili wasiwaudhi kaka zao, na huyu wa Surat alikataa kutia saini. Nami nilidhani, kama wewe ungalivyodhani, kwamba mwaka huu hatakuja.

Alikuja. Aliteremka kwenye treni ya asubuhi akiwa hajatia kitu kinywani, kwa maana dada wengi hufunga mpaka watakapokwisha kumfunga ndugu yao uzi. Kiswahili chetu kimejaliwa hapa, somo: anafunga ili afunge. Aliingia, akamsalimu mama yake kwa kumgusa miguu, jambo ambalo kila ninapoliona hunikumbusha wazee wetu wanavyosema kwamba shikamoo ni nashika miguu, kisha akaenda jikoni kutengeneza sinia lake mwenyewe. Humo aliweka taa ndogo ya samli, unga mwekundu wanaouita kanku, punje za mchele, nazi, vipande vya penda na ule uzi.

Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuketi kwenye kibao kifupi, ameelekea mashariki, na leso safi imefunika kichwa chake. Mtu mzima yule, mwenye mvi, alikaa kama mtoto anayesubiri kunyolewa. Dada yake alitia matone ya maji katika kanku, akachovya kidole cha pete, akampaka alama kwenye paji la uso, kisha akabandika punje za mchele juu ya unyevu ule. Mbili zilidondoka zikanasa kwenye mfuko wa shati, na hakuna aliyezigusa. Akamfunga uzi kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Vidole vyake vilitetemeka, fundo la kwanza likamponyoka, naye kaka, bila kuinua uso, akaukandamiza uzi kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto ili dada apate kufunga la pili. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikaliona hilo. Baada yake dada akaizungusha ile taa mbele ya uso wa kaka, akamlisha kipande cha penda, ambacho ni maziwa yaliyochemshwa mpaka yakakauka, yakatiwa sukari na iliki, na yeye akamlisha dada yake kipande kilichobaki. Mwisho kaka alimpa bahasha yenye rupia 501. Ile moja ya ziada ni desturi: husema kwamba inazuia hesabu isifungwe, ili daima pawe na cha kuendelea nacho.

Hapakutajwa nyumba ya Nadiad asubuhi ile, wala wakati wa chakula, tulipokula puri na dudhpak, ambayo ni maziwa mazito yaliyopikwa na mchele. Jioni tulipokuwa tunaosha vyombo nilithubutu kumuuliza yule dada, Ba akinitafsiria, kama basi shauri limekwisha. Akasema, "Shauri la nyumba liko kwa wakili, na huko litabaki. Leo nimekuja kwa ndugu yangu." Hakulisema kwa hasira wala kwa majivuno. Alikuwa anafuta sinia.

Nakuandikia haya kwa sababu katika ujumbe wako umesema kwamba ukienda kumwona kaka yako watu watasema umesalimu amri. Mimi nilikuwa na mawazo hayohayo, na Ba ndiye aliyeniondolea. Miongoni mwa visa wanavyovisimulia siku hiyo, watu wengi hukimbilia kile cha Draupadi, malkia wa visa vyao vya kale, aliyechana sari yake akamfunga mungu Krishna kidole kilichokuwa kinatoka damu, naye Krishna akamlipa siku alipokuwa akivuliwa nguo mbele ya baraza, kwa kuifanya sari yake isiishe. Ni kisa kizuri, lakini Ba anapenda zaidi kile cha mfalme Bali. Bali alikuwa mfalme wa majitu, mwenye nguvu na mkarimu, na mungu Vishnu alikuwa amekubali kukaa kwake kama mlinzi wa mlango. Mkewe Vishnu, Lakshmi, akabaki peke yake. Siku ya mwezi mpevu wa Shravan akaenda kwa Bali, akamfunga uzi, akamfanya kaka. Bali akamuuliza anataka zawadi gani, naye akajibu bila kusita kwamba anamtaka mume wake, na Bali akamwachilia. Hata leo makuhani wanapofunga uzi siku hiyo husoma maneno ya Kisanskriti yanayomtaja Bali na kuuomba uzi usitikisike. Ona, basi, kwamba Lakshmi alifunga kwanza, kisha akadai kilicho chake, na kudai kwake hakukuliharibu fundo.

Yapo pia ambayo binti wa nyumba hii hayapendi katika sikukuu hii, na sina budi kukwambia. Yeye ni muuguzi, hufanya zamu za usiku, na anasema kwamba amechoka kusikia kila mwaka kuwa mwanamke ni wa kulindwa na mwanamume ni wa kulinda, wakati ambapo katika nyumba nyingi anazozijua dada ndiye anayelipa ada za mdogo wake. Naona ana haki. Hana kaka wa tumbo moja. Kila mwaka humfunga binamu yake, mtoto wa yule shangazi wa Surat, kwani kwao binamu ni ndugu kamili. Mwaka huu, baada ya kumfunga binamu, alinigeukia mimi. Akasema kwamba mimi ndiye ninayemfungulia lango anaporudi usiku wa manane, kwa hiyo mlinzi wake ni mimi. Huo ndio uzi ulioniona nao. Nilishindwa kusema neno, somo, maana si dini yangu wala si kwetu, na mkono ulinijaa joto kana kwamba ameniwekea kaa la moto.

Kuvuka mipaka namna hiyo si jambo geni kwao. Mwaka 1905 Waingereza walipoigawa Bengali, mshairi Rabindranath Tagore aliwahimiza Wahindu na Waislamu wafungane rakhi siku ileile mgawanyo ulipoanza kutumika, tarehe 16 Oktoba, kuonyesha kwamba hawagawanyiki. Mgawanyo ule ulifutwa mwaka 1911.

Lakini uzi ninaoufikiria zaidi ni wa Ba mwenyewe. Ba alizaliwa Jinja, Uganda, na Kiswahili chake, ingawa kimepata kutu, ndicho kilichonifanya nikae hapa mwaka wa pili sasa. Alikuwa na umri wa miaka 23 Idi Amin alipotangaza, mwanzoni mwa Agosti 1972, kwamba Waasia waondoke katika muda wa siku 90. Mwezi mpevu wa Shravan ulitimia tarehe 24 ya mwezi huohuo, siku hizo 90 zikiwa zinahesabika. Ba alimfunga kaka yake uzi katika nyumba ambayo masanduku yalikuwa wazi sakafuni. Penda haikupatikana, alimlisha kipande cha sukari guru. Kaka alikuwa na pasi ya Uingereza akaenda Leicester, na Ba akaja huku. Tangu mwaka ule hajamfunga kwa mkono wake isipokuwa mara tatu.

Miaka mingine yote ametuma kwa posta. Kwa kuwa sikukuu huangukia katika masika yao, posta ya India huuza bahasha maalumu za rakhi zisizoingia maji, na mwezi uliopita nilimsaidia kuijaza moja. Alitia uzi, kanku kidogo ndani ya karatasi iliyokunjwa, punje saba za mchele alizozihesabu, na kipande cha sukari ya mawe, kwani peremende za maziwa zingeharibika njiani. Kabla ya kuifunga bahasha aliulaza uzi kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, akauacha hapo kidogo, akautoa. Huko Leicester mjukuu wa kike ndiye humfungia babu yake kwa niaba ya Ba, nao hutazamana kwa simu ya video. Mwaka huu picha ilikatika katikati, ikarudi uzi ukiwa umekwisha kufungwa, na Ba akaomba ufunguliwe, ufungwe tena mbele ya macho yake.

Rakhi haikatwi kwa makasi. Wengine huiacha mpaka ichakae na kudondoka yenyewe, wengine huivua siku ya kuzaliwa Krishna, ambayo mwaka huu ni keshokutwa, wakaifunga kwenye mti au mmea. Yangu nitaiacha mpaka idondoke.

Ndani ya bahasha hii utakuta uzi mwingine, mwekundu, wa pamba, usio na shanga. Nilikwenda Mandvi siku mbili baada ya sikukuu kuutafuta, wakati wauzaji walikuwa wanafungasha vibanda. Najua kwamba wewe si Mhindu, na kaka yako atashangaa, na pengine wewe hutapenda kufanya jambo la watu wengine. Ukiona haufai, ufunge kwenye mche wa mwembe ule mlioupanda na mzee, usiutupe. Ukiona unafaa, ni mkono wa kulia, na usiseme habari za shamba siku hiyo. Hilo muachieni wakili, wala usitie saini yoyote. Mafundo mawili yanatosha. La kwanza likikuponyoka, mwache ashike uzi.

Nisalimie mama. Mwambie iliki aliyonipa bado ipo, na Ba ameisifu.

Wako akupendaye,
Somo yako