Manase wa Wafalme na Manase wa Nyakati

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kwenye mijadala ya dini siku hizi mtu anachukua mistari miwili ya Agano la Kale isiyofanana anauliza haya nani muongo hapa, mwenzake naye anahangaika kuipatanisha kwa nguvu mpaka inakosa ladha, na mi naona wote wawili wanapitwa na jambo kubwa sana.

Chukua Manase, mfalme wa Yuda. 2 Wafalme 21 inamsema vibaya mwanzo mwisho, alimpitisha mwanawe motoni, akamwaga damu ya wasio na hatia mpaka ikajaa Yerusalemu, akatawala miaka 55, akafa, akazikwa. Dhambi zake ndo zinatajwa kuwa zimeiangusha Yuda, hata mjukuu wake Yosia alivyosafisha nchi haikusaidia kitu. Sasa fungua 2 Nyakati 33, Waashuru wanamfunga wanampeleka Babeli, huko kwenye shida ananyenyekea, anaomba, Mungu anamrudisha kwenye kiti chake na anaondoa sanamu hekaluni. Kwenye Wafalme toba hiyo haipo kabisa!

Na aliyeandika Nyakati habari za Wafalme alikuwa nazo, kuna sehemu anazinakili karibu neno kwa neno. Ila yeye anaandika enzi za Waajemi, kwa watu ambao wazee wao walipelekwa Babeli hiyohiyo na wengine wakarudi. Ukiwaambia hao kila kitu kiliharibiwa na mfalme mmoja wa zamani unawaacha na nini? Ezekieli 18 ilishasema mwana hatabeba uovu wa baba yake, kwahiyo huyu mwandishi anamsoma Manase upya, mtu mbaya kuliko wote aliyefungwa, akaomba, akarudi nyumbani.

Haikuishia hapo. Nyakati inasema aliomba lakini maneno yake haiyatoi, basi baadae mtu akayaandika, ndo Sala ya Manase. Afu inakuja Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, kama mwaka 200 hivi baada ya Kristo, inataja wafalme watatu wasio na fungu katika ulimwengu ujao, Yeroboamu, Ahabu na Manase. Rabi Yehuda, mmoja wa marabi hao, anapinga, anasema Manase analo fungu, na ushahidi wake ni hiyohiyo Nyakati. Wenzake wanamjibu alirudishiwa ufalme, sio uzima wa ulimwengu ujao. Na Mishna imeziweka hoja zote mbili. Mi niko na Rabi Yehuda.

Kwahiyo mhariri, safu yenu ya dini ikigusa tena mistari inayopishana, chapeni sura zote mbili ubavu kwa ubavu na mseme ipi iliandikwa kwanza na ipi ilifuata, wasomaji tutajadiliana wenyewe.